Kikombe Kitupu Kilichomwagika

Kiswahili kina kitenzi ambacho hakijapewa heshima yake: kujipikilisha. Aliyekulia Tanzania hahitaji kuelezwa. Kifuu cha nazi ndicho sufuria, mchanga ndio unga, majani ya uani ndiyo mchicha, vizibo vya soda ndivyo sahani, na mawe matatu ni mafiga yasiyojua moto. Kenya watoto huuita mchezo huo kalongolongo, na kwingine ni mchezo wa baba na mama. Ni kumbukumbu ya wengi kwa pamoja. Kwa kawaida tunaitaja kwa tabasamu, kama tunavyotaja embe bichi la chumvi na pilipili, kisha tunaiacha hapo hapo. Mimi nairudia kwa sababu nyingine. Ndani ya mchezo ule mlikuwa na kazi ya akili iliyo nzito kuliko nyingi tulizofanyishwa baadaye darasani, na kazi hiyo huanza kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Kitenzi chenyewe kinashuhudia. Kimechukua "kupika", kikakivisha "ji" mbele na kukirefusha nyuma, mpaka kikawa na maana ya kupika huku ukijua hupiki. Waliounda neno hilo walishaliona jambo ambalo wanasaikolojia wa karne ya 20 walikuja kuliandikia vitabu.

Hata hivyo, lugha hiyo hiyo ina dharau kwa mchezo. Jambo likiwa zito tunasema si mchezo. Mzembe tunamwambia aache mchezo. Wahenga nao walionya kwamba mzaha mzaha hutunga usaha. Kwa mazoea hayo, mtoto wa miaka miwili anayemlisha mwanasesere wa matambara uji wa hewa huelezwa kwa maneno mawili: anacheza tu. Hoja yangu inapingana na ile "tu". Nasema kwamba mtoto anapoigiza, ndipo kwa mara ya kwanza anapoongozwa na wazo lililo kichwani mwake hata kama macho yanamwambia vingine, na huo ndio mlango wa kufikiri. Nasema pia, na hapa huenda nikawaudhi watetezi wenzangu, kwamba mchezo huu usitetewe kwa ahadi kubwa za alama za mtihani na akili za ajabu ukubwani. Faida yake ya kwanza inapatikana siku ile ile unapochezwa, pale pale uani.

Tuanze na namna unavyozaliwa. Jean Piaget, msomi wa Uswisi, aliandika kwa makini mambo waliyoyafanya watoto wake watatu, na katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu chimbuko la ishara katika akili ya mtoto anamweleza binti yake Jacqueline akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Mtoto aliona kitambaa ambacho pindo lake lilifanana na la mto wake wa kulalia. Akakikamata, akatia kidole gumba mdomoni, akajilaza ubavu, huku akicheka sana. Macho hakuyafumba, aliyapepesa tu kana kwamba anaudokeza usingizi. Kicheko kile kina uzito kuliko kulala kwenyewe, maana mwenye usingizi wa kweli hacheki. Mtoto alijua kwamba halali. Kutoka hapo hatua hufuatana kwa utaratibu ambao wengi wameuona. Karibu na mwaka na nusu mtoto hunywa kutoka kikombe kitupu na kulambalamba midomo. Baadaye hukipeleka kikombe kinywani mwa mwanasesere au mwa bibi yake. Akikaribia miaka miwili na kuendelea, huunganisha matendo: anakoroga, anapakua, anapuliza, analisha. Kisha mwanasesere mwenyewe hupata nafsi. Yeye ndiye anayekataa chakula, anayelia, anayeumwa tumbo. Kila hatua inamtoa mtoto katika mwili wake mwenyewe na kumsogeza kwenye kitu kisichokuwepo.

Aliyeeleza vizuri maana ya safari hiyo ni Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu. Katika mhadhara alioutoa Leningrad mwaka 1933 alisema kwamba kwa mtoto mdogo sana vitu ndivyo vinavyoamuru: mlango unamwita aufungue, ngazi inamwita aipande, kengele inamwita aipige. Anapoipanda fimbo na kuiita farasi, amri hiyo inavunjika. Maana ya farasi imebanduliwa kutoka kwa mnyama na kupachikwa kwenye fimbo, na fimbo haina tena sauti ya mwisho juu ya kile kitakachofanywa nayo. Vygotsky aliongeza kwamba si kila kitu kitafaa: kadi ya posta haiwezi kuwa farasi wa mtoto, kwa kuwa haipandiki. Jambo hilo watoto wetu hawakufundishwa na mtu. Gunzi la mahindi huwa mtoto mchanga kwa sababu linabebeka mgongoni kwa kipande cha kanga. Ndala iliyochakaa hukatwa ikawa matairi kwa sababu inabiringika. Wazo linahitaji kitu cha kulishikilia mpaka litakapoweza kusimama lenyewe, na baadaye kazi hiyo itafanywa na neno, tarakimu na herufi. Mtoto aliyekubali kwamba gunzi linaweza kusimama badala ya mtoto hatashangaa sana atakapoambiwa kwamba alama fulani kwenye karatasi inasimama badala ya sauti.

Kuna mtu atasema: haya yote ni kuiga. Mama anapika, binti anaiga. Baba anaendesha bodaboda, kijana ananguruma kwa midomo. Kasuku naye anaiga. Lugha yetu inaweza kujibu, kwa sababu inatofautisha kuiga na kuigiza. Anayeiga anarudia alichokiona. Anayeigiza anaweka kitu badala ya kitu na kufuata matokeo yake, hata yale ambayo hakuyaona. Alan Leslie, aliyekuwa akifanya utafiti London, alilipima hilo kwa karamu ya chai ya watoto wa kati ya miaka miwili na mitatu. Vikombe viwili vitupu "vilijazwa" kutoka chombo kitupu. Mtafiti akakichukua kimoja, akakipindua, akakitikisa, akakirudisha mahali pake. Watoto walipoulizwa kipi kimejaa na kipi hakina kitu, walijibu bila kusita kwamba kile kilichopinduliwa ndicho kitupu. Vyote viwili havikuwa na tone tangu mwanzo. Paul Harris na Robert Kavanaugh, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1993, walionyesha jambo la jamii hiyo: mwanasesere mtundu "alipomwaga" chai isiyokuwepo, watoto wa miaka miwili waliombwa wapakaushe, wakafuta mahali pale pale palipostahili kuwa na maji, ingawa palikuwa pakavu. Hakuna aliyewaonyesha jibu. Walilipata kwa kukokotoa: kama kilikuwa na chai, na kimepinduliwa, basi chai imemwagika. Hapo mtoto wa miaka miwili ametoa hitimisho kutoka dhana ambayo yeye mwenyewe anajua si kweli.

Hata pale ambapo mtoto anaonekana anaiga watu wazima waziwazi, yuko mbali na kasuku. Otto Raum, aliyekulia Uchagani katika familia ya wamisionari, alichapisha mwaka 1940 kitabu juu ya utoto wa Wachaga ambacho hadi leo ni hazina. Aliwaona watoto wa Kilimanjaro wakiwaigiza wakubwa wao, na waalimu pia, kwa namna iliyotia chumvi na kejeli, na akasisitiza kwamba mtoto hujijengea jamii ya kubuni ya watu wazima kwa vile vipande vichache anavyoruhusiwa kuviona. Hilo tunaliona kila siku. Mtoto anayecheza konda wa daladala hataji vituo vyote. Anachagua kugonga bati, kupiga mluzi na ile sauti ya kuwasukuma abiria warudi nyuma. Amechuja. Amejua ni nini kinamfanya konda awe konda. Tena katika kujipikilisha mdogo kuliko wote huambiwa na wakubwa wake, "wewe ndiye mtoto". Inaonekana kama kupewa nafasi isiyo na kazi, kumbe ni kazi ngumu kweli kweli, maana mtoto anaamriwa kuwa mtoto kwa makusudi: alale anapoambiwa usiku umeingia, alie pale mama anapokwenda sokoni, anyamaze anapoletewa uji. Vygotsky alitumia mfano wa dada wawili walioamua kucheza kuwa dada, ambao ghafla walianza kuzingatia kanuni za udada ambazo siku zote waliziishi bila kuzitambua. Mdogo wetu wa uani anapitia darasa hilo hilo.

Pingamizi la pili ni la maadili: je, hatumfundishi mtoto uongo, au hatumchanganyi asijue kipi ni kweli? Hofu hii si ya kudharauliwa, kwa sababu watoto wadogo kweli huogopa vinyago na majitu ya hadithi hata baada ya kuambiwa hayapo. Lakini uongo na mchezo hutofautiana kwenye mzizi. Mwongo huficha kwamba anasema visivyo, mchezaji hutangaza. Mtoto anayekupa ugali wa mchanga anakutazama usoni, anatabasamu, anatia sauti ya pekee, na ukijifanya unataka kuumeza kweli atakuzuia kwa mshangao. Sufuria ya kifuu huachwa bila kuguswa pale harufu ya ugali wa kweli inapotoka jikoni. Kinachofanyika ni kinyume cha kuchanganyikiwa: mtoto anashika mambo mawili kwa pamoja, lililopo na linalodhaniwa, bila moja kulimeza jingine. Anajifunza pia kwamba aliye mbele yake naye ameshika dhana ile ile kichwani. Ndiyo maana wataalamu wa usonji walipotunga, mwaka 1992 nchini Uingereza, orodha ya maswali ya kuwatambua watoto mapema, mojawapo ya mambo waliyoyatafuta kwa watoto wa miezi 18 lilikuwa kama mtoto anaweza kujifanya anaandaa chai kwa vyombo vya kuchezea. Kutoigiza peke yake si ugonjwa, na mzazi asikurupuke. Ila inaonyesha kwamba kikombe kitupu kinahusiana na namna tunavyoelewana sisi kwa sisi.

Anayetaka kujua uzi huu unaelekea wapi atazame umri unaofuata. Mwaka 1988 Maria Dias na Paul Harris walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa miaka minne hadi sita. Waliwapa hoja za aina hii: paka wote hubweka, Rex ni paka, je, Rex hubweka? Watoto walipoulizwa hivi hivi, wengi walikataa kwa kutegemea wanayoyajua, kwamba paka hulia nyau. Lakini walipoalikwa waichukue hoja hiyo kama mchezo wa kujifanya, walifuata mantiki mpaka mwisho: ndiyo, Rex hubweka. Mlango wa dhana ulipofunguliwa, akili iliyodhaniwa haipo ikatoka. Katika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017, Rachel White, Stephanie Carlson na wenzao waliwapa watoto 180 wa miaka minne na sita kazi ya kuchosha ya dakika kumi, huku kando kukiwa na mchezo wa kwenye tableti wa kuwashawishi waiache. Waliojivika uhusika wa shujaa, Batman kwa mfano, walidumu kazini kuliko waliojifikiria kama wao wenyewe. Watoto hawa wamewapita umri wale ninaowazungumzia. Lakini wanatumia chombo kile kile kilichoanza kunolewa kwenye kikombe kitupu: kujitenga kidogo na hali iliyopo, na kuitii kanuni ya kitu unachokidhania.

Sasa nifike kwenye pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu limetoka kwa watafiti wenyewe. Mwaka 2013 Angeline Lillard wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walipitia tafiti za miongo kadhaa na kutoa hukumu kali. Madai kwamba mchezo wa kuigiza ndio unaosababisha ubunifu au akili nyingi hayakuwa na mguu imara: mara nyingi watafiti walijua watoto gani walikuwa kundi lipi, na waliona walichotaka kukiona. Kwa lugha, usimulizi na kufikiri kimantiki, walisema swali bado liko wazi. Huenda mchezo unasaidia, huenda ni njia moja kati ya nyingi, huenda ni alama tu ya mtoto anayekua vizuri kwa sababu nyinginezo. Utafiti maarufu wa Istomina wa Urusi wa mwaka 1948, uliodai kwamba watoto hukumbuka vitu vingi zaidi wakicheza duka kuliko wakikaririshwa, ulirudiwa Marekani mwaka 1986 na matokeo yakageuka. Mtetezi mwaminifu hawezi kuyafunika haya kwa kawa. Lakini tazama kilichopingwa. Kilichopingwa ni ahadi ya kesho, kwamba ukimpa mtoto mchezo leo atavuna alama mwaka fulani. Hakuna aliyepinga kwamba mtoto aliyefuta chai isiyokuwepo alikuwa anafikiri alipokuwa akiifuta. Mtoto anapoanza kusema hatumwombi mtu athibitishe kwamba kusema kutamwongezea kipato. Tunajua kusema ni sehemu ya kuwa mtu. Vivyo hivyo kuigiza ni kufikiri kwenyewe kwa umri ule, na anayemnyima mtoto nafasi ya kufikiri leo hawezi kujitetea kwamba faida ya kesho haijathibitishwa.

Pingamizi la mwisho linatoka nyumbani kwetu. Utafiti wa tamaduni sita ulioanzishwa katika miaka ya 1950 chini ya uongozi wa John na Beatrice Whiting ulifika Nyansongo, kwa Wagusii wa magharibi mwa Kenya, na ukakuta watoto wa huko, wenye ng'ombe wa kuchunga na wadogo wa kubeba, wakiwa miongoni mwa walioigiza kwa nadra zaidi. Suzanne Gaskins aliona kwa Wamaya wa Yucatán, Mexico, kwamba wazazi hawajiingizi kabisa katika mchezo wa watoto. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliripoti kwamba watoto waliyapa kisogo masesere na kupendelea kufagia na kuandaa meza kweli. Na Wagusii na Wamaya wanafikiri sawasawa na watu wengine. Nakubali yote hayo, na yananisaidia. Yanatuonya tusigeuze mchezo kuwa wajibu mpya wa kuwatia wazazi hatia, wala tusidhani kwamba asiyeketi sakafuni na mwanawe kwa saa nzima amemnyima akili. Kazi na mchezo si mahasimu kwa mtoto. Aliyepewa mwiko mdogo asaidie kukoroga ndiye atakayekuwa na cha kuigiza jioni; ndivyo vile vipande vya Raum. Watoto wa wafugaji wa Afrika Mashariki hufinyanga ng'ombe wa udongo huku ng'ombe wenyewe wakila majani mbele yao. Hakuna aliyewafundisha kuigiza. Walichohitaji ni kuachiwa udongo, muda na wenzao.

Hapo ndipo shida ya leo ilipo. Ua umekuwa chumba cha kupanga ghorofani, kaka na dada wako shuleni hadi jioni, na televisheni inamlea aliyebaki. Kinachobaki wazi ni shule ya chekechea, na huko mzazi analipa ili aone daftari lenye a, e, i, o, u, wala halipi ili aone mchanga. Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa miaka 0 hadi 8, na kuweka fursa za ujifunzaji wa awali kuwa mojawapo ya nguzo zake. Nguzo hiyo haihitaji kuagiza masesere kutoka ng'ambo. Huko Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1986 na 1987, watoto 129 waliodumaa waliingizwa katika utafiti. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya waliowaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto kwa vitu vilivyotengenezwa kwa makopo na mabaki ya nyumbani. Miaka 20 baadaye kipato chao kilizidi kwa asilimia 25 cha wenzao ambao hawakupata huduma hiyo. Mafanikio yale hayakuwa ya kuigiza peke yake, na sitayadai. Yanathibitisha tu kwamba makopo yanatosha, mradi kuna mtu mzima anayeuchukulia kwa uzito mchezo wa mtoto.

Kuuchukulia kwa uzito si kuutawala. Mwalimu anayeingia katikati ya karamu ya chai na kuuliza, "Kikombe hiki kina rangi gani?" ameivunja karamu, kwa sababu amemrudisha mtoto kwenye kile kinachoonekana, wakati mtoto alikuwa ameshakivuka. Mtu mzima ni mgeni pale, na mgeni anayejua adabu hungoja akaribishwe, hula alichopewa na huuliza yanayohusu nyumba ile: sukari imekolea, mtoto amelala, baba amerudi? Maswali hayo yanaurefusha mchezo, na mchezo mrefu ni hoja ndefu. Basi atakapokujia mtoto wa miaka miwili na kizibo cha soda kisicho na kitu, kipokee, kipulize kwanza, maana chai ni ya moto. Na kikimponyoka, akakutazama na kusema imemwagika, usimwonyeshe kwamba sakafu ni kavu. Analijua hilo. Mtafutie kitambaa.